Hapigiwi Kura Asiyesemewa

Watu wasio wa chama hudhani mgombea umeya wa mkoa huchaguliwa na wakubwa wanne waliojifungia chumbani. Wakubwa wana mkono wao, sikatai. Ndio wanaowahoji waliojitokeza, na wapo watu wazuri waliokatwa hapo bila kuambiwa kosa lao. Lakini jina likishapita kwao linashuka kwetu matawini, kwenye kumbi zenye viti vya kukunja na mtungi wa chai unaovuja, na huku ndiko linakoishi au kufa. Mwaka ule kila mgombea alitakiwa kuteuliwa na matawi sita kati ya thelathini na moja ya mkoa wetu wa Mabonde. Ukipata sita, jina lako linaingia kwenye karatasi ya kura ambayo wanachama wote hutumiwa nyumbani. Ukipata matano, ahsante kwa kujitokeza, nenda kalishe paka.

Gwenda Sutcliffe alikuwa na matano.

Tawi letu la Thornshaw ndilo lililokuwa la mwisho kukutana, Jumamosi ya mwisho ya Januari, saa nane mchana, na jioni ya siku hiyohiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa kupeleka majina. Hesabu yenyewe haikuhitaji elimu. Tukimteua, anaingia. Tusipomteua, yamekwisha, na kwa umri wake wa miaka sitini na tisa hakuna ambaye angemwambia ajaribu tena siku nyingine.

Nani alikuwa na wasiwasi? Gwenda ni wa kwetu, kazaliwa nyuma ya kiwanda cha sufu. Aliendesha basi namba kumi na nne miaka thelathini na mbili, kutoka Thornshaw mpaka mjini na kurudi, na nusu ya watu wa tawi wamewahi kupandishwa bure siku waliyosahau pochi. Mimi na yeye tulikaa dawati moja tangu tuna miaka saba. Ndiye aliyenisimamia harusini, ndiye aliyenishika mkono siku ya kumzika mume wangu, na ndiye aliyeniingiza chamani kwa kunidanganya kwamba huwa kuna keki. Jina langu Edna Hoyle. Mimi ni katibu wa tawi mwaka wa kumi na moja sasa, kwa sababu hakuna mwingine anayeitaka kazi hiyo.

Ijumaa, siku moja kabla ya mkutano, alikuja jikoni kwangu kufanya mazoezi ya hotuba. Nilimkalisha, nikamwekea chai, nikamwambia aniangalie mimi, asiangalie viatu vyake. Hakuweza. Gwenda akisimama mbele ya watu, macho yake hukimbilia chini kana kwamba kadondosha sarafu. Lakini maneno yake yalikuwa na uzito. Alisema kampuni ilipoondoa mabasi ya jioni ya namba kumi na nne, mzee mmoja abiria wake, aliyekuwa akienda kila siku kumtazama mkewe hospitalini, alianza kurudi kwa miguu, maili nne, kiangazi na baridi, mpaka mkewe akafariki. Meya wa mkoa ana uwezo wa kisheria wa kuyachukua mabasi yawe ya umma. Basi ayachukue. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yote.

"Haina mapambo," nikamwambia.

"Basi halihitaji mapambo, Edna. Linahitaji kuja."

Nilicheka, naye akacheka. Kisha akawa anauzungusha mkono wa kikombe huku na huku. Akaniambia kwamba usiku halali. Kwamba tangu Len, mumewe, afariki, hajawahi kukitaka kitu kwa namna hii, na anaona haya kukitaka. Nikamwambia hakuna haya yoyote, kesho saa kumi atakuwa na matawi sita na mimi nitakuwa nimelewa. Nilisema hivyo kwa kujiamini kabisa. Ulimi hauna mfupa.

Jumamosi ukungu ulipanda kutoka mtoni ukalimeza bonde lote. Ukumbi wetu uko juu, pale barabara inapoishia na nyika ya mlimani kuanza, na nilipofika kufungua mlango hapakuwa na mji tena chini yangu. Palikuwa na weupe tu, na ncha ya bomba la kiwanda ikichungulia. Nilisimama kidogo na funguo mkononi. Kondoo walikohoa mahali fulani ambapo sikuwaona. Siku kama hizo huwa nahisi Thornshaw imeng'oka mahali pake usiku, na hatujui asubuhi imetua wapi.

Watu walikuja wakitokeza kwenye ukungu mmojammoja, kwanza mguu, kisha koti, mwisho uso. Walikuwa thelathini na saba wenye haki ya kupiga kura. Wilf Barraclough, mwenyekiti wetu, mzee wa miaka themanini na mbili mwenye vifaa vya kusaidia kusikia masikio yote mawili, alikaa meza ya mbele na saa yake ya kupimia mayai, ile ya mchanga, ambayo ndiyo humpa kila msemaji muda wake. Pembeni yangu alikaa Nasreen Mirza, mfamasia wa dukani kwetu, mwanamke asiye na subira na mtu yeyote, ambaye ndiye huhesabu kura kwa sababu tunamwogopa.

Wa tatu, diwani mmoja wa bonde la chini, alikwisha kupata matawi yake na hakuomba letu, kwa hiyo mbele yetu wagombea walikuwa wawili. Mwingine aliitwa Adrian Pellow, mwanasheria wa mjini. Sikuwahi kumwona ila kwenye picha, mtu wa nywele nzuri. Yeye tayari alikuwa na matawi kumi na manne. Letu lisingemwongezea kitu chochote, na ndiyo sababu hakuja, wala hakutuma mtu wa kumsemea. Alituma karatasi moja, iliyoandikwa pande mbili.

Sasa hapa ndipo ilipo desturi yetu, na matawi mengine hutucheka kwa ajili yake. Thornshaw hapigiwi kura mtu asiyesemewa. Zamani, enzi za babu zetu, tawi lilimkataa mfumaji mmoja aliyekuwa kitandani hospitalini, na baadaye ikagundulika kwamba barua yake ilikuwa mfukoni mwa katibu, haikusomwa. Yule mtu alikufa akijua alikataliwa kimyakimya. Tangu hapo, kama mgombea hayupo na hana wa kumtetea, katibu husimama na kuisoma karatasi yake, yote, kwa sauti, kwa haki. Hiyo "kwa haki" imeandikwa kwenye kanuni zetu kwa mkono wa mtu aliyekwisha kufa miaka mingi.

Gwenda alisema kwanza. Aliangalia viatu. Alisema mabasi, mzee, maili nne, sheria, mabasi. Mara mbili alipoteza mstari na kurudi nyuma. Watu waliitikia kwa vichwa jinsi unavyomwitikia ndugu yako anaposimulia jambo unalolijua. Mchanga ulipoisha, Wilf akagonga meza, na makofi yalikuwa ya upendo, ya upendo kweli, lakini mafupi.

Wilf akauliza nani atamsemea Ndugu Pellow. Hakuna aliyeinua mkono. Mtu mmoja nyuma akasema tuiweke tu karatasi mezani, anayetaka aisome, chai inapoa. Wilf akamwambia kwamba tangu baba yake Wilf awe mwenyekiti haijawahi kufanyika hivyo na haitafanyika leo. Akanigeukia.

"Katibu, simama umsomee."

Nasreen akaninong'oneza, "Bi Edna, soma kama unasoma maelekezo ya dawa ya kikohozi."

Nilikusudia hivyohivyo. Lakini kuna jambo ambalo lazima niliseme hapa, hata kama litaonekana kujisifu. Kabla ya kustaafu, na kabla ya kazi nyingine zote nilizofanya, nilikuwa sauti ya stesheni. Kwa miaka kumi na tisa, reli ya mlimani ilipokuwa bado inafanya kazi, mimi ndiye niliyekaa kwenye kile kibanda cha kioo Thornshaw na kuwatangazia abiria treni zao. Watu hawakunijua kwa sura, walinijua kwa sauti. Ningeomba mkate dukani, na mtu ambaye hajawahi kuniona angegeuka. Kisha wakaifunga reli, wakang'oa mataruma, na sauti yangu ikabaki haina kazi, ila kusoma kumbukumbu za mikutano ya tawi.

Upande wa kwanza wa karatasi ya Pellow ulikuwa mkavu. Uwekezaji, ushirikiano, mikakati. Niliusoma vile Nasreen alivyotaka, na nikaona watu wakitazama madirishani, ambako ukungu ulikuwa umekuja kuegemea vioo. Nikageuza karatasi.

Aliahidi kuifungua upya reli ya mlimani. Sentensi ya kwanza ilisema hivyo. Ya pili ilizitaja stesheni zake, zote, kwa mpangilio, kutoka Thornshaw mpaka upande wa pili wa mlima.

Sikujua nimefanya nini mpaka nilipokuwa nimekwisha kufanya. Mgongo ulinyooka wenyewe. Kidevu kikapanda. Nikavuta pumzi kule chini tumboni, pale nilipofundishwa nikiwa msichana, na sauti ikatoka.

"Thornshaw. Withen Bridge. Hollin Top. Cragg Royd. Skelby kwa kubadilisha treni. Marlow Edge. Na Harsden, kituo cha mwisho."

Ukumbi ulitulia, hata mtungi wa chai nadhani uliacha kudondosha. Nikaona vichwa vikiinuka kimoja baada ya kingine, vile abiria wanavyoinua vichwa. Wilf alifumba macho. Mwanamke mmoja mstari wa tatu alishika mkoba wake na kuuweka mapajani, tayari kuondoka. Na mimi nilikuwa kibandani kwangu, nakuapia, na ukungu ulikuwa kwenye jukwaa la treni, na ndani ya ukungu walikuwapo watu wangu. Mama yangu na mwavuli wake. Mume wangu na gazeti chini ya kwapa. Len wa Gwenda akiwa kijana, kaegemea baiskeli yake, akisubiri treni ya saa kumi na moja na robo ambayo Gwenda angeshuka kutoka kazini. Reli zilikuwa zinaimba kama zinavyoimba kabla treni haijatokeza. Nilisoma sentensi zilizobaki kwa sauti ileile, na sikumbuki zilisema nini. Nilipomaliza nilibaki nimesimama, nikisubiri treni.

Hakuna aliyepiga makofi. Watu hawapigii makofi matangazo ya stesheni.

Nikakaa. Nasreen alikuwa ananitazama.

Karatasi za kura ziligawiwa, vipande vidogo vya bluu. Kila mtu aliandika jina moja, akakikunja, akakitia kwenye kopo la biskuti lililopitishwa. Nilikuwa bado na sauti ya reli masikioni. Niliandika nikiona jukwaa. Kipande changu kilipoangukia koponi ndipo nilipouona ukumbi tena, viti, kuta za kijani, na Gwenda amekaa mwisho wa mstari na mikono magotini. Nikaelewa jina nililoandika. Ningeweza kuinuka nikasema nimekosea, nirudishiwe karatasi. Kanuni inaruhusu, mradi kopo halijafika mezani. Kopo lilikuwa limebakiza watu watatu tu kufika. Nikajiambia kura moja si kitu, watu thelathini na sita wengine wana akili zao timamu. Kopo likafika mezani.

Nasreen na mwenzake walihesabu, wakahesabu tena. Kisha Nasreen akampelekea Wilf karatasi, na Wilf akaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma jina la marehemu. Pellow kumi na tisa. Sutcliffe kumi na nane.

Watu walitazamana kwa mshangao wa kweli, kila mmoja akionekana kuuliza ni nani hao wengine kumi na wanane, maana bila shaka kila mmoja wao alidhani ndiye peke yake aliyepitiwa. Gwenda alisimama, akasogea mbele, akampa Wilf mkono, akawashukuru wote kwa kuja licha ya ukungu huu. Halafu akauliza nani anataka chai nyingine. Nilitaka ardhi inimeze.

Tulibaki sisi wawili kuosha vikombe, kama kila mkutano. Yeye aliosha, mimi nikafuta. Nilifunga mlango, tukaanza kushuka barabara ya mawe kuelekea mjini, na kwa kuwa mawe yalikuwa na utelezi alipitisha mkono wake kwapani mwangu. Ilikuwa saa kumi, na mwanga ulikuwa mweupe kama maziwa. Nyumba zilitokea zikatoweka. Mbwa alitupita akitikisa mkia, hana mwenyewe, akaingia kwenye weupe na hatukumsikia tena.

Kwenye kona ya kanisa akasimama.

"Edna, nina jambo, na usimwambie mtu. Hata Nasreen."

"Sema."

"Sikujipigia kura."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akasema tena, kwa haraka, akiangalia viatu. Alisema aliishika kalamu, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake, na akamwona mama yake. Mama yake Gwenda namkumbuka, mwanamke wa kanisani, mgongo ulionyooka, ambaye alikuwa akiwaambia watoto wake kwamba anayekata keki huchukua kipande cha mwisho, na kidogo. Kuandika jina lako mwenyewe, mbele ya Mungu na majirani! Akaifuta ile herufi, akaandika Pellow, kwa adabu, kwa sababu yeye hakuwepo na alikuwa mgeni wetu.

"Nilijua tutashinda tu," akasema. "Nilijua ninyi mpo. Nikasema acha nifanye ustaarabu, kura yangu moja haitaharibu kitu. Kura moja, Edna. Ningejiandikia mwenyewe ningekuwa na kumi na tisa. Nimejikata kwa mkono wangu. Yule mzee wa maili nne, na wengine wote, nimewakata kwa ajili ya adabu za mama yangu."

Akaanza kulia. Katika miaka sitini na miwili nimemwona akilia mara mbili tu, na hii ndiyo ya pili.

Watu wa namna yetu! Hakuna wengine duniani wanaoweza kushindwa uchaguzi kwa tabia njema. Nilimshika. Na nikiwa nimemshika niliona njia mbili mbele yangu, wazi kabisa, ingawa sikuweza kuona hata mlango wa kanisa. Nikinyamaza, nitabaki rafiki yake mpaka mmoja wetu azikwe, naye atakwenda na lile jiwe kifuani siku zote, akiamini kwamba ni yeye na yeye peke yake aliyeharibu. Nikisema, nitamtua nusu ya mzigo, na nitampoteza. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nilikuwa mimi. Nilipenda kunyamaza. Nasema ukweli, nilipenda sana. Nilimpigapiga mgongoni na nikafungua kinywa kumwambia mambo hutokea.

"Si wewe peke yako," nikasema badala yake. "Mimi pia nilimpa Pellow."

Hakuelewa mara moja. Aliinua uso, umelowa.

"Ulimpa kwa nini?"

Nilitafuta sababu yenye heshima. Sikuwa nayo.

"Nilisikia treni."

Alinitazama. Sikuona hasira. Ningeshukuru kama ingekuwa hasira. Akauchomoa mkono wake kwapani mwangu taratibu, akafunga kifungo cha juu cha koti lake, akavuka barabara. Ukungu ulimchukua kabla hajafika upande wa pili. Nilisikia viatu vyake kwa muda, kisha sikuvisikia.

Wiki sita hakunipigia simu. Mimi nilipiga mara nne, ikaita mpaka ikakata. Nikimwona sokoni, alinipa salamu ya kichwa, ile tunayompa mtu anayetudai mkopo. Karatasi za kura za wanachama zilikuja kwa posta, majina mawili, Pellow na yule diwani wa bonde la chini, na jina la Gwenda halimo. Niliiweka karatasi yangu mezani jikoni siku nyingi nikiizunguka. Mwishowe sikuijaza. Katibu wa tawi, mwaka wa kumi na moja, sikupiga kura, na kama unataka kunishtaki makao makuu anwani ipo kwenye tovuti.

Pellow alishinda. Barua ya makao makuu ikaja ikisema huyu ndiye mgombea wetu sote, na kwamba Jumamosi inayofuata matawi yote yaanze kupita nyumba kwa nyumba. Nilituma ujumbe kwa wanachama kama inavyonipasa. Hakuna aliyejibu. Isipokuwa Nasreen, na jibu lake siwezi kuliandika.

Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa bado na gauni la kulalia. Sikuwa na nia ya kutoka. Mlango ukagongwa. Nikafungua nikidhani ni mtu wa gesi.

Alikuwa Gwenda, ndani ya koti lake la zamani la udereva, beji ya chama kifuani, na mfuko mkubwa begani umejaa vipeperushi. Picha ya Pellow na nywele zake ilikuwa inachungulia juu ya mfuko. Jua lilikuwa limetoka, la kwanza la mwaka, na bonde zima lilionekana mpaka chini mtoni, kila paa mahali pake. Alionekana amekonda. Nilitaka kumwomba msamaha pale pale kizingitini, na nilikuwa nimeshaanza kwa sauti isiyokuwa na nguvu, akanikata.

"Vaa viatu."

"Gwenda, kwa ajili ya huyu?"

"Tumemteua. Mimi na wewe tumemteua, kwa mikono yetu. Sasa tukamnadi." Alihamisha mfuko kwenye bega lingine. "Na nimemwandikia. Nimemwambia treni zake ni nzuri, ila watu watafika stesheni kwa njia gani, kwa mabawa? Amejibu kwamba atanisikiliza. Tutaona."

Nikavaa viatu, juu ya soksi za kulalia, nikachukua koti. Hatukushikana mikono. Tulianza na nyumba ya kwanza ya mtaa wangu, na langoni alisimama akanipa rundo la vipeperushi, lote.

"Mimi nitagonga," akasema. "Wewe ndiye utakayesema. Wewe ndiye unayejua kumsemea."